Msingi hadi jamvi: uchambuzi wa kisa kimoja cha mkataba wa ujenzi Unguja

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Unguja, katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa mji ndani ya Wilaya ya Magharibi B. Majina yameondolewa, shehia (eneo dogo la utawala hapa Zanzibar) haitajwi, na baadhi ya vipimo na fedha vimesogezwa kidogo ili wahusika wasitambulike, ila hesabu zenyewe zinakubaliana kama zilivyokubaliana siku ile. Mimi niliingia kama mkadiriaji majenzi, yaani mtu wa kupima kazi za ujenzi na kukadiria gharama zake, na niliitwa wakati ugomvi umeshafika kwa sheha, kiongozi wa shehia, na pande mbili hazisalimiani tena. Wote wawili wameridhia kisa kiandikwe. Nakiandika kwa kuwa nimeona mikataba mingi ya misingi iliyoandikwa kwa maneno yaleyale, na ninaumia kila ninapoona watu wema wakifikishana pabaya kwa jambo ambalo lingeweza kusemwa mapema kwa sentensi tatu.

Usuli

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, mjane, ambaye ana haki ya matumizi ya ardhi ya kiwanja hicho kwa jina lake mwenyewe. Fedha za ujenzi zilitoka kwa mwanawe anayefanya kazi Muscat. Usimamizi wa kila siku ulikabidhiwa kwa kaka yake mwalimu, yaani mjomba wa kijana huyo, mzee anayeheshimika mtaani ambaye hajawahi kujenga zaidi ya nyumba yake mwenyewe. Kwa hiyo aliyeitwa "mwenye nyumba" alikuwa watu watatu: mwenye ardhi, mwenye fedha na mwenye macho.

Mkandarasi ni mwashi wa makamo mwenye kikundi cha waashi na vibarua tisa, aliyejijengea jina kwa misingi na makaro, yaani mashimo ya choo. Niliangalia kazi zake mbili za awali kabla ya kutoa maoni yangu, na zote zilikuwa nzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu mtaani kisa kilisimuliwa kama habari ya fundi mwizi, na sivyo kilivyokuwa.

Jambo la tatu la kujua ni ardhi yenyewe. Wakulima wa Unguja wameigawa ardhi yao kwa majina tangu zamani, na majina hayo yanamfaa mjenzi kama yanavyomfaa mkulima. Kinongo ni udongo mwekundu wenye kina, unaoshikana vizuri na kubeba nyumba bila taabu. Kinamo ni udongo mzito wa mabondeni, unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Uwanda na maweni ni ardhi ya upande wa mashariki na kusini, ambako jiwe la matumbawe liko karibu kabisa na uso wa ardhi. Kiwanja cha mwalimu kilikuwa kwenye mteremko. Upande wa juu, wa barabarani, ulikuwa kinongo, na upande wa chini ulielekea kwenye bonde ambalo wazee wa mtaa wanalikumbuka likilimwa mpunga. Aliyesimama barabarani asingeona tofauti yoyote, kwa kuwa kiwanja kizima kilikuwa kimetandazwa kifusi chekundu miaka ya nyuma.

Mkataba ulivyoandikwa

Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, wenye saini za pande mbili, mashahidi wawili na muhuri wa sheha. Hilo peke yake linastahili sifa, kwa sababu misingi mingi huanza kwa kupeana mikono tu. Maneno yake ya msingi yalikuwa haya: fundi atajenga "msingi hadi jamvi kwa mujibu wa ramani" (jamvi ni sakafu ya zege juu ya msingi) kwa shilingi 18,500,000, vifaa na ufundi pamoja, na "bei haitabadilika kwa sababu yoyote". Malipo yangefanywa mara tatu: asilimia 60 siku ya kuanza, asilimia 25 kuta za msingi zikisimama, na asilimia 15 jamvi likishamwagwa.

Ramani ilichorwa na kijana mmoja mchoraji, na ilikuwa ramani safi. Pembeni, chini ya mchoro wa msingi uliokatwa, paliandikwa kwa herufi ndogo: "Kina mita 0.9 au hadi ardhi ngumu." Fundi alipopiga hesabu ya bei alishika mita 0.9. Mwalimu, alipoulizwa baadaye kwa sheha, alisema yeye alielewa kwamba amenunua msingi unaofika ardhi ngumu, iwe kina gani. Neno "au" lilikaa katikati ya watu wawili kwa wiki kadhaa, na hakuna aliyeliuliza linamkalia nani.

Niliusoma ukurasa ule mara nyingi nikitafuta neno lolote kuhusu udongo. Sikuliona. Mkataba wa kujenga kitu ambacho zaidi ya nusu yake hukaa ndani ya ardhi haukutaja ardhi hata mara moja.

Mambo yalivyokwenda

Uchimbaji ulianza wiki ya pili ya Februari. Jumla ya urefu wa mitaro, ya nje na ya ndani, ilikuwa mita 72, kwa upana wa mita 0.75. Upande wa barabarani mambo yalikwenda vizuri: kwenye kina cha mita 0.9 sululu iligonga kinongo kigumu na ukingo wa mtaro ulisimama kama umekatwa kwa kisu. Upande wa bondeni, chini ya kifusi chekundu, walikuta kinamo, udongo mweusi unaong'ang'ania kwenye koleo. Kwenye pembe ya magharibi walikuta jambo baya zaidi. Fundi alichukua kipande cha nondo ya milimita 12, akakisimamisha ndani ya mtaro na kukisukuma kwa viganja viwili, na kikazama karibu mita nzima bila nyundo. Kilipovutwa kilitoka na nyuzi za makumbi zilizooza na harufu ya karo. Pale palikuwa na shimo la choo la zamani, lenye upana wa mita 2.3, lililojazwa makumbi, makuti na takataka, kisha likafunikwa kwa kifusi na kusahauliwa.

Kwa wakati ule fundi alifanya jambo sahihi: alisimamisha kazi upande huo na kumpigia simu mjomba. Mjomba alifika jioni, akaangalia, na kusema atawasiliana na wenyewe. Fundi akataja bei ya nyongeza: shilingi 6,400,000 ili achimbe mita 29 za mitaro upande wa bondeni hadi mita 1.6, alitoe karo lote, na kujaza kwa mawe na zege. Bei hiyo aliitamka kwa mdomo, na haikuwa na vipimo ndani yake.

Zikapita siku tisa. Mjomba alimtumia kijana wa Muscat ujumbe wa sauti, na kijana alijibu kwa kunukuu mkataba: bei haitabadilika kwa sababu yoyote. Mwalimu mwenyewe hakuambiwa habari ya karo. Nia ilikuwa njema, kwani walitaka asiingiwe na wasiwasi, lakini matokeo yake ni kwamba mtu mmoja tu aliyetia saini mkataba ule kwa upande wa familia ndiye aliyekuwa hajui. "Mimi nilisikia habari ya karo siku ukuta ulipopasuka," alituambia baadaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa na ndugu zake kuliko na fundi.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umebakisha siku chache uandame. Vibarua wa fundi wanapungua sana katika mfungo, na baada yake masika huwa hayako mbali. Fundi alimpigia mjomba kwa mara ya mwisho na kumwambia, "Mzee, mitaro iko wazi, ikinyesha hapa itaporomoka yote. Nifanye nini?" Mjomba akajibu kwa neno ambalo kila mmoja wetu ameshalitumia: "Endelea kijana wangu, tutaelewana."

Fundi aliendelea. Alichimba kwa kina kipya mita 18 kati ya zile 29. Mita 11 zilizobaki, pamoja na zile zilizopita juu ya karo, alizishusha kidogo tu, akatoa makumbi ya juu, akatandaza mawe, akamwaga zege lisilo na nondo juu yake na kufukia. Kazi hiyo ilifukiwa kwa siku mbili, na hakuna mtu wa familia aliyekuwepo. Kuta za msingi zilisimama katika mfungo, na malipo ya pili, shilingi 4,625,000, yakatolewa. Jamvi lilimwagwa Aprili, baada ya Idi, kati ya mvua moja na nyingine.

Mwanzoni mwa Juni ukuta wa msingi kwenye pembe ya magharibi ulikuwa na ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, wenye upana wa milimita 4 kwa juu, na jamvi kwenye pembe hiyo lilikuwa limetitia milimita 22. Familia ikazuia malipo ya mwisho ya shilingi 2,775,000 na kudai msingi ujengwe upya. Fundi akadai malipo hayo pamoja na zile 6,400,000 za nyongeza.

Maamuzi na sababu zake

Sheha alikutana na pande zote mara mbili. Uamuzi wake bora ulikuwa kukataa kutoa uamuzi. Alisema kwamba kila upande unazungumzia kitu kilicho chini ya ardhi ambacho hakuna aliyekiona kwa pamoja, na kwamba kwanza kifukuliwe na kupimwa. Mzee mmoja aliyehudhuria akaongeza kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza biashara ya gharari, yaani ya kuuziana kitu kisichojulikana, na kwamba kuuziana kina kisichojulikana kwa bei isiyobadilika kuna sura ya gharari ndani yake. Kauli ile ilituliza watu kuliko hoja yoyote ya kisheria niliyoisikia siku hiyo, kwa sababu iliondoa swali la nani mbaya na kulileta swali la nini kilikosekana.

Gharama ya kufukua na kupima iligawanywa nusu kwa nusu kabla sijaanza. Niliomba hivyo mwenyewe. Mpimaji anayelipwa na upande mmoja husikilizwa na upande mmoja.

Tulichimba mashimo manne kando ya msingi, fundi na mjomba wakiwa wamesimama hapo hapo, na kila kipimo kilisomwa kwa sauti na kuandikwa mbele yao. Fundi hakubisha alipoona shimo la tatu, lile la karoni. Alichuchumaa, akaugusa ukingo wa zege lake lililokuwa limening'inia juu ya makumbi, na akasema, "Hapa nilikosea. Nilikuwa sina fedha ya kushuka chini, na sikuwa na mtu wa kuniambia nisimame." Ninaamini sentensi hizo mbili ni za kweli zote.

Hesabu ikawa hivi. Kazi ya nyongeza iliyofanyika kweli, kwa mita 18 zenye upana wa mita 0.75 na kina cha ziada cha mita 0.7, ilikuwa takriban mita za ujazo 9.5. Kwa bei ya shilingi 260,000 kwa mita ya ujazo, ambayo pande zote ziliikubali baada ya kupitia stakabadhi za saruji na mawe, ilikuwa shilingi 2,470,000. Kazi iliyobaki, yaani mita 11 na karo, kama ingefanywa vizuri mwezi wa Februari ingegharimu shilingi 2,400,000. Kuifanya sasa, chini ya ukuta uliokwishasimama, kwa kuchimba na kujaza kipande kimoja cha mita moja kisha kingine ili ukuta usikose pa kuegemea, ilikadiriwa shilingi 7,300,000. Pengo la shilingi 4,900,000 ndilo lililokuwa bei ya kufukia bila kuonana.

Matokeo

Pande mbili zilikubaliana mambo yafuatayo, yakaandikwa na kutiwa saini, safari hii na mwalimu mwenyewe akiwa amesoma kila mstari. Fundi atahesabiwa malipo yake ya mwisho ya 2,775,000 na nyongeza ya 2,470,000, jumla 5,245,000. Katika pengo la 4,900,000, fundi atabeba 3,900,000 na familia 1,000,000, kwa sababu familia ilikaa siku tisa bila jibu na kisha ikatoa amri ya kuendelea bila kumtuma mtu wa kuangalia. Fundi akabaki akiwadai shilingi 1,345,000, zitakazolipwa baada ya masika yanayofuata kupita bila ufa mpya. Ukarabati ulipewa mwashi mwingine kwa mkataba mpya.

Kwa jumla familia ilitoa shilingi 24,370,000 kwa msingi ambao, ukifanywa vizuri tangu mwanzo, ungegharimu 23,370,000. Fundi alipoteza fedha nyingi zaidi, na ujenzi ulisimama kwa miezi sita. Mimi binafsi nilifikiri familia ingestahili kubeba zaidi ya milioni moja, na nilisema hivyo. Fundi ndiye aliyeikubali hesabu ile kwa hiari yake, akitaka jina lake lisafike mtaani.

Uchambuzi: ardhi ilikuwa ya nani?

Sheria inayotawala mkataba kama huu hapa kwetu ni Sheria ya Mikataba ya Zanzibar, Sura ya 149, iliyotokana na Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Siyo Sura ya 345 inayotumika Tanzania Bara. Nataja hili kwa kuwa karatasi za mikataba zinazosambazwa kwenye simu mara nyingi zinataja sheria ya Bara, na watu wanazijaza majina yao bila kuangalia. Katika sheria hizi zenye asili moja, anayevunja mkataba hulipa hasara inayotokana na uvunjaji huo kwa njia ya kawaida, na anayenufaika na kazi ambayo haikufanywa kwa hisani hupaswa kuilipia. Kanuni zote mbili zilifanya kazi katika kisa hiki kwa wakati mmoja: ya kwanza dhidi ya fundi kwa zile mita 11, na ya pili dhidi ya familia kwa zile mita 18. Kila upande ulikuwa umeishika ile moja inayomfaa.

Maneno "bei haitabadilika kwa sababu yoyote" yalionekana kumlinda mwenye nyumba, na kijana wa Muscat aliyategemea kwa moyo wote. Lakini bei isiyobadilika ni bei ya kazi inayojulikana. Mkataba uliposema "kwa mujibu wa ramani" na ramani ikasema "mita 0.9 au hadi ardhi ngumu", kazi yenyewe ilikuwa na vina viwili. Kwa mahakama, pengine hoja ya familia ingeshinda, pengine ya fundi. Kwa mtu aliyesimama kwenye mtaro Februari, mvua zikinukia, ushindi wa baadaye haumsaidii kujua afanye nini leo. Fundi asiyelipwa kwa kina hukatisha kina, na kwa kuwa kina hufukiwa, hakatazwi na jicho la mtu. Ndiyo maana ninaona kifungu kile, kilichowekwa kwa nia ya kuokoa fedha, kilichangia kuupasua ukuta.

Mikataba mikubwa imelitatua suala hili zamani. Ile ya FIDIC (Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri) ya 1999, inayotumika kwenye barabara na bandari, ina kifungu cha 4.12 kinachohusu hali ya ardhi ambayo mkandarasi mwenye uzoefu asingeweza kuitarajia kwa busara wakati wa kutoa bei. Hali hiyo ikitokea, mkandarasi hutoa taarifa, kazi hukaguliwa, na muda na gharama huongezwa. Hali iliyoweza kutarajiwa hubaki mzigo wake. Nikikipima kisa chetu kwa kipimo hicho, kinamo kilitarajiwa. Mwashi mwenyeji anayeona bonde la mpunga chini ya kiwanja anajua anachoweza kukuta, na angeweza kuchimba mashimo mawili ya kupimia kwa nusu siku kabla ya kutaja bei. Karo halikutarajiwa na yeyote, isipokuwa labda jirani mzee ambaye hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo hata kwa mizani ile kubwa, mzigo ungegawanyika, na siyo kuangukia upande mmoja.

Uchambuzi: yaliyosaidia na yaliyoharibu

Lililoharibu zaidi, kwa maoni yangu, ni amri kutoka midomo mitatu. Haki ya matumizi ya ardhi na saini vilikuwa vya mwalimu, lakini fundi hakuwahi kupewa mtu mmoja ambaye neno lake linatosha kuamua na kulipa. Mjomba alikuwa na mamlaka ya kusema "endelea" ila hakuwa na fedha ya kuifuata amri hiyo. Kijana alikuwa na fedha ila hakuuona mtaro. Anayesimamia kwa niaba ya mwingine anapaswa kuandikwa kwenye mkataba kwa jina, pamoja na kiwango cha fedha anachoweza kukiridhia peke yake, hata kama ni shilingi laki mbili tu. Zaidi ya hapo, kazi husimama hadi mwenye saini ajibu, na siku za kusubiri zihesabiwe kwa mwenye nyumba.

Malipo ya asilimia 60 siku ya kwanza nayo yalifanya kazi yake mbaya kimya kimya. Watu hudhani tatizo la malipo makubwa ya awali ni fundi kukimbia. Huyu hakukimbia. Tatizo ni kwamba fedha yote ilishanunua saruji, nondo na matofali ya hatua za juu, na ardhi ilipobadilika fundi hakuwa na akiba ya kushuka chini. Katika mkataba wa msingi, sehemu ngumu kuliko zote ndiyo ya kwanza, na ndiyo inayopaswa kulipwa kwa vipande vidogo vinavyofuata vipimo.

Hakukuwa pia na fedha iliyozuiliwa baada ya jamvi. Ile asilimia 15 ilipaswa kutolewa siku jamvi linapomwagwa, yaani kabla msingi haujapata mvua yoyote ya maana ukiwa umebeba uzito. Ilizuiliwa kwa bahati tu, kwa sababu fedha ya Muscat ilichelewa. Hapa kwetu kipindi cha kuujaribu msingi kinajulikana hata kwa mtoto: ni masika. Fedha ya kuzuia, tuseme asilimia 10, ikisubiri masika moja yapite, inapima kinamo vizuri kuliko fundi na mkadiriaji wakikaa pamoja.

Yaliyosaidia hayakuwa machache. Mkataba uliandikwa na ulishuhudiwa, jambo ambalo Waislamu tumeliagizwa katika aya ya 282 ya Suratul Baqara kuhusu madeni, na karatasi ile ndiyo iliyotufanya tuwe na mahali pa kuanzia. Fundi alisimama mara ya kwanza alipoona tatizo. Hatua hiyo ilimpa heshima kwenye kikao hata baada ya kosa lake kuonekana. Sheha alitambua mpaka wa kazi yake: kikao chake siyo mahakama, lakini makubaliano yaliyotiwa saini mbele yake ni mkataba mpya, na pande zote ziliutii. Na mjomba, ambaye angeweza kukana kwamba alisema "tutaelewana", alikiri mbele ya dada yake. Bila ukweli huo tungepoteza miezi.

Ninalorudia kulifikiria ni hesabu ya Februari. Fundi alitaka 6,400,000, na kazi halali ilikuwa na thamani ya 4,870,000. Tofauti ilikuwa 1,530,000. Kama bei kwa mita ya ujazo ingekuwa imeandikwa tangu mwanzo, wangechukua futi ya kupimia, wakapima mtaro pamoja na kuzidisha. Fundi alitaja bei kubwa kwa sababu alikuwa anakisia na kuogopa hasara, na familia ilikataa bei nzima kwa sababu haikuwa na njia ya kuikata vipande.

Mkataba wa pili

Mkataba wa ukarabati ulikuwa kurasa mbili. Ulieleza kwamba bei ya jumla ni kwa kina na ardhi vilivyoonekana kwenye mashimo manne ya kupimia, na kwamba kila mita ya ujazo itakayozidi hapo italipwa shilingi 260,000 baada ya kupimwa na pande mbili. Uliandika kwamba hakuna mtaro utakaofukiwa wala zege litakalomwagwa kabla ya msimamizi aliyetajwa kwa jina kushuka, kuangalia, kupiga picha yenye kipimo ndani yake na kutia saini kwenye daftari, na kwamba asipofika ndani ya siku mbili baada ya kuarifiwa, fundi atalipwa siku za kusubiri. Msimamizi aliyeandikwa ni mwalimu mwenyewe.

Alishuka kwenye mtaro wa karoni akiwa ameshikwa mkono na mwashi, na viatu vya mpira miguuni. Aliomba apewe ile nondo ya milimita 12, akaisimamisha na kuisukuma kwa uzito wake wote. Haikuzama. Akaomba kalamu, akaandika tarehe na kina, mita 2.1, kisha akamwambia mwashi, "Haya mwanangu, mwaga."

Vipande vitatu vya kioo vilibandikwa kwa saruji juu ya ufa wa zamani, kila kimoja na tarehe yake, ili ukuta ukisogea vivunjike. Masika yaliyofuata yalipopita vilikuwa vizima, na fundi wa kwanza akaitwa kuja kuchukua shilingi zake 1,345,000. Alizihesabu barazani kwa mwalimu, akatia saini, na kabla ya kuondoka akaomba anakili ule ukurasa wa pili wa mkataba wa ukarabati kwenye daftari lake.